Samaki wa Kifua Chekundu

Bwawa lililo nyuma ya nyumba yetu lilichimbwa na mume wangu mwaka alipochoka kufundisha. Wote wawili tulikuwa walimu katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, yeye wa jiografia, mimi wa biolojia. Nyumba yetu iko mwisho wa mtaa, pale ardhi inapoteremka kuelekea kijito, na udongo wa kule chini ni wa mfinyanzi. Ukichimba kidogo tu maji yanatoka yenyewe. Alichimba likizo nzima, bila shati, na jirani zetu walipita wakimwuliza kama anatafuta dhahabu. Alipomaliza alikwenda kwa pikipiki hadi Kasenyi, ziwani, akarudi na bidoni mbili za plastiki za njano zimejaa vifaranga vya tilapia. Wengi walikuwa wamekufa kwa joto na kwa mitikisiko ya barabara ya Bogoro. Waliobaki tuliwamwaga bwawani, wadogo kama kucha, wote wa kijivu, na tuliamini wote ni wa aina moja.

"Hii njo shamba yetu ya uzee," alisema. Alifurahi siku ile. Nakumbuka alivyoosha mikono katika maji yale yale, akatikisa vidole, akanirushia matone usoni.

Kisha mishahara ikakawia, shule ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, naye akaondoka kwenda Nizi, kwenye machimbo ya dhahabu. "Naenda kujaribu tu," aliniambia. Kila mtu niliyemjua aliyekwenda Nizi alisema anakwenda kujaribu tu. Mwanzo alirudi kila mwisho wa mwezi, baadaye kwa sikukuu, baadaye alipopata nafasi. Watoto wetu wawili walikuwa wakubwa, wako masomoni Kisangani. Nikabaki mimi na bwawa, na sikuwa na nguvu nalo. Niliwatupia samaki pumba na maganda ya mihogo nilipokumbuka, nikageuka nikarudi ndani.

Nataka kueleza uchovu wa miaka ile, kwa sababu bila huo mengine hayaeleweki. Watoto wa waliokimbia vita vijijini walikuwa wamejaa mjini, na shule yetu ilifundisha asubuhi kundi moja na mchana kundi jingine. Mimi nilifundisha yote mawili. Madawati hayakutosha, wengine walikaa juu ya matofali, wengine walisinzia kwa njaa nikiwa nazungumza juu ya usagaji wa chakula tumboni. Nilirudi nyumbani sina sauti. Nilipika nikiwa nimekaa. Kulikuwa na siku nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nisijue kama nilikuwa nakivaa au nakivua.

Katika hali hiyo ndipo alipoletwa mama mkwe wangu. Alikuwa akiishi kwa binti yake upande wa Djugu. Kijiji chao kilichomwa, binti na watoto wake wakavuka ziwa kwenda Uganda, na yeye, kwa sababu hakuweza kutembea mbali, alipakizwa kwenye pikipiki ya kijana fulani wa parokia. Walimfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva, kama mtoto, ili asianguke. Hivyo ndivyo alivyofika mlangoni kwangu, amefungwa kwa mgongo wa mtu asiyemjua, rozari shingoni, miguu yote vumbi.

Hatukuwa tunapendana. Yeye ni wa pwani ya ziwa, upande wa Mahagi, na alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa huko kwao, wa kanisa lake na lugha yake. Nilipoolewa mimi alikuja arusini akakaa upande wa wageni. Tangu siku ile hakuwahi kuniita mwanangu wala kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama mama wakwe wengine. Aliniita mwalimu.

Wiki za kwanza hakula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia ukuta. Nilimwekea ugali na sombe, majani ya mihogo, nikatoka kwenda shule, nikarudi nikakuta sahani imefunikwa vile vile. Halafu siku moja nilirudi nikakuta kiti ni tupu. Nilizunguka nyumba nikiita, nikamwona kule chini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya bwawa, mikono magotini, ameinama kidogo mbele kama mtu anayesikiliza. Tangu siku hiyo, kila siku isiyo na mvua, alikaa pale.

Kiangazi kilipokolea, kijito kikapungua, tope likatulia na maji ya bwawa yakawa safi hata ukaona chini karibu na kingo. Nilikuwa naanua nguo aliponiita.

"Mwalimu! Kuya uone."

Nilishuka taratibu. Alinionyesha kwa kidole. Kwenye maji ya kina kifupi, chini ya bwawa, kulikuwa na mashimo mapana ya mviringo, kila moja kama beseni ya kuoshea vyombo, yamepangwa karibu karibu.

"Ni batoto ya jirani bamechezea hapa," nilisema.

"Haiko batoto. Angalia tu."

Nikaangalia. Katika kila shimo alikaa samaki mmoja dume. Mwili wake ulikuwa wa kijivu kizito, lakini kichwa na koo vilikuwa vimeiva wekundu. Aliinamisha kichwa, akachota mchanga kwa mdomo, akaupeleka hadi ukingoni mwa shimo, akautema, akarudi. Akachota tena. Jirani yake aliposogea alimkimbilia, wakasimama mdomo kwa mdomo pale ambapo shimo moja linaishia na jingine linaanza, halafu kila mmoja akarudi katikati ya lake. Na jike alipopita juu, yule dume alimwendea, akalaza mwili ubavu kidogo, mkia ukitetemeka, akamwongoza kuelekea shimoni. Wengi wa majike walipita tu. Walikwenda zao kama watu waliotumwa sokoni.

Mmoja alishuka. Walizunguka pamoja ndani ya shimo, kichwa kwa mkia, polepole. Kisha jike akaweka mayai machache mchangani, na kabla sijaelewa nilichokiona, akageuka akayachukua mdomoni.

Nilikuwa nimeandika ubaoni kwa miaka mingi kwamba samaki hutaga mayai. Sikuwahi kumwona hata mmoja akitaga.

"Anabeba," alisema mama mkwe, ambaye samaki hawa aliwaita ngege. "Kwetu ukikamata ngege muke, ukimufungua kinywa, batoto banamwangika mu mukono."

"Hata kitabu kinasema vile, Mama. Anabaki nao mdomoni mpaka wanajua kuogelea. Hali chakula siku hizo zote."

"Na dume?"

"Dume anabaki kwenye shimo. Anangoja mwingine."

Alitoa sauti ndogo puani. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kukubaliana juu ya jambo lolote. Nilikunja kanga niliyokuwa nimeianua, nikakaa juu yake, nguo nyingine zikabaki kwenye kamba mpaka jua likashuka.

Baada ya hapo nilishuka karibu kila siku nikitoka shule. Sikuwa na lengo. Ilikuwa mahali pa kukaa ambapo hakuna aliyeniuliza kitu. Yeye alikuwa na ndoo yake, mimi nikajiletea kigoda. Na ilikuwa katika kukaa huko ndipo tulipowaona wale wa kifua chekundu.

Walikuwa upande wa pili wa bwawa, ambako majani ya viazi vitamu yalining'inia majini, nao waliyala hayo majani mpaka vikabaki vijiti. Kwa umbo walifanana na wale wengine kabisa. Lakini kifua na tumbo vilikuwa vyekundu kama mafuta ya mawese, na ubavuni walikuwa na mistari ya giza. Wawili walikuwa wakisimama uso kwa uso, midomo wazi, wakakamatana midomo, wakavutana huku na huku, wakapigana mikia.

"Hawa njo madume," alisema mama mkwe. "Banapigania muke."

"Ndiyo," nilisema, mimi mwenye diploma ya biolojia. "Wakati wa kuzaa dume hubadilika rangi. Wale wa kijivu bado ni vijana, wekundu haujawashuka kifuani."

Tulikuwa na uhakika wote wawili, yeye kwa sababu ya ziwa, mimi kwa sababu ya vitabu. Tuliwaangalia wale wapiganaji kwa siku kadhaa tukingoja mmoja ashindwe na aondoke. Hakuna aliyeondoka. Waliacha kuvutana, wakaanza kuchimba. Walichimba pamoja, kwa zamu, vishimo vidogo vidogo kwenye mfinyanzi, wakasafisha kwa mdomo kipande cha tofali kilichokuwa kimezama pale. Halafu mmoja wa wale madume wawili akapita juu ya tofali, tumbo chini, akaacha mstari wa mayai. Mwenzake akapita nyuma yake.

Mama mkwe alinigeukia. "Mwalimu. Dume inataga mayai?"

Nilicheka. Nilijisikia nikicheka, nikashangaa, kwa sababu sauti ile nilikuwa sijaisikia muda mrefu. Naye akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakatikisika.

Kwa hiyo tulikuwa na samaki wa aina mbili. Ni ndugu wa karibu, ukoo mmoja; wavuvi wa Kasenyi waliwachota pamoja kwenye maji ya kina kifupi bila kuwatenganisha, maana wakiwa wadogo hakuna anayeweza. Hawa wa kifua chekundu hawabebi mayai mdomoni. Wanayaacha yamenata kwenye tofali, na wote wawili, jike na dume, wanakaa nayo. Mmoja anayapepea kwa mapezi maji yasitulie. Mwingine anafukuza kila anayekaribia, hata chura, hata kivuli cha mkono wangu. Baadaye wanabadilishana. Watoto walipotoka walikuwa kama wingu dogo la vumbi ndani ya maji, na wazazi mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Hawa bamefunga ndoa ya kanisa," alisema mama mkwe. Aliangalia upande wa yale mashimo mapana. "Wale ni bachimbaji ya Nizi."

Nilimwambia, "Mama, samaki si watu." Nilisema kwa ukali kidogo. Yeye akashika rozari yake, na nilijua kwamba alikuwa amemfikiria mwanawe, na kwamba nami nilikuwa nimemfikiria huyo huyo.

Mume wangu alikuja mwisho wa kiangazi kile. Alikuwa amekonda, tope la njano limeingia chini ya kucha. Alikula, akamsalimia mama yake, akauliza habari za watoto wa Kisangani. Mama yake alipoingia chumbani kupumzika, alibaki mezani akizungusha kikombe.

"Kuna jambo," alisema.

Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani mbele yangu. "Sema."

"Kule Nizi niko na mutu. Na iko mutoto mwanamuke."

Niliweka kalamu chini. Nilingoja hasira ije. Niliingoja kweli, kama unavyongoja mtu uliyeambiwa yuko njiani. Haikuja. Kilichokuja ni usingizi. Macho yalikuwa mazito hata nikaona uso wake kwa mbali.

"Haunijibu?"

"Nimechoka," nilisema. "Kesho niko na darasa asubuhi na mchana."

Alitegemea nini, sijui. Labda makelele, labda makelele yangemsaidia. Aliondoka kesho yake mapema. Mama yake alishuka bwawani bila kumuaga, na hivyo nikajua kwamba pazia la chumbani halikumzuia kusikia. Hatukulizungumza. Kwa siku nyingi alikuwa akiniachia kipande cha samaki chenye nyama nyingi zaidi, na mimi nilikila.

Mvua zilikuwa zimeanza tena tuliposikia kwamba watu wenye silaha wameshambulia upande wa Nizi. Watu waliingia mjini kwa miguu, na magodoro kichwani. Simu ya mume wangu haikuita. Kwa nusu wiki mama mkwe alisali kwa sauti, na mimi nilifundisha, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Kisha, alasiri moja, mwanamke kijana alisimama kwenye geti. Alikuwa amefunga kichwa kitambaa cheusi, beseni juu yake, mtoto mgongoni. Viatu vyake havikuwa jozi moja.

"Ni hapa kwa mwalimu wa biolojia?"

Nilimjua kabla hajamaliza. "Ni mimi."

"Yeye alisema kama mambo yanaharibika, nikuye hapa."

"Yeye iko wapi?"

"Tulipotezana. Watu walikimbia kila upande. Kuna mwenye alimuona, anasema iko muzima." Alirekebisha beseni kichwani. "Yaya, kama haiwezekani, naenda mu kambi. Sitakasirika."

Yaya ni dada mkubwa. Neno hilo lilinikera kuliko kuja kwake. Nilisimama nimeshika geti nikifikiria kambi ile, hema za plastiki juu ya tope, na nikifikiria pia kwamba sikuomba kitu chochote kati ya haya, kwamba mume wangu alikuwa ameniachia bwawa, mama, na sasa hata huyu. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi. Nyuma yangu nikasikia hatua za mama mkwe akipanda kutoka bondeni. Alitupita, akamzunguka yule mwanamke, akamtazama mtoto, masikio, paji la uso.

"Leta," alisema, akamfungua mtoto mgongoni.

"Ingia," nikasema mimi. "Mvua inakuja."

Watu wa mtaa walisifu baadaye moyo wangu. Haukuwa moyo. Nilitaka tu kufunga mlango na kukaa chini.

Yule mwanamke alitoka Niania, binti wa mfanyabiashara Mwislamu wa pale barabarani. Alikwenda Nizi na kaka yake kupika chakula cha wachimbaji, kaka akafa kwa homa, yeye akabaki. Alikuwa na umri karibu na wa binti yangu mkubwa. Aliamka kabla ya kila mtu, akasali, akafagia, na kelele ya ufagio wake ilinitoa usingizini dakika zile za mwisho nilizozipenda. Sikumwambia. Alihamisha chumvi mahali pake. Mama mkwe alisali rozari kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kana kwamba anafundisha, na yeye alingoja mpaka sala iishe ndipo aendelee kupepeta mchele. Siku nyingine sote watatu tulikula kila mmoja akiangalia sahani yake, isipokuwa mtoto, aliyekuwa anajifunza kusimama kwa kushika magoti yetu, goti lolote lililokuwa karibu.

Tulipata habari za mume wangu: mzima, amerudi machimboni. Alimpigia simu mama yake.

Wakati huo bwawa lilikuwa limeharibika. Samaki wa aina zote mbili walikuwa wamezaana kupita kiasi, wamejaa, na hakuna aliyekua. Ukitupa wavu unatoa samaki wa ukubwa wa kidole gumba. Wale wa kifua chekundu walikula kila jani na kuwafukuza wengine. Tulikubaliana, nadhani ni jambo la kwanza tulilokubaliana sisi watatu, kuchimba bwawa la pili pembeni na kuwatenganisha.

"Kuchimba najua," alisema yule mwanamke kijana. Tulichimba mimi na yeye Jumamosi, na jioni nikitoka shule, yeye mbele na jembe, mimi nyuma na koleo. Nilikuwa nachoka uchovu mwingine, wa mikono na mgongo, ambao ukilala unaisha. Nilianza kulala usingizi kamili.

Ilikuwa mapumzikoni, tumekaa na miguu kwenye tope, tulipomwona jike mmoja wa kijivu kwenye maji ya ukingoni, koo limevimba. Mtoto alikuwa kati yetu. Yule samaki alifungua mdomo, na watoto wake wakatoka, wadogo kama punje za mtama, wakatawanyika mbele ya uso wake. Mtoto wetu (naandika hivyo, sijui niandike vipi) akapiga maji kwa kiganja. Wadogo wote walirudi mbio, wakaingia mdomoni, mdomo ukafungwa.

"Na baba yao?" aliuliza kijana.

Nilimwonyesha yale mashimo mapana upande wa pili. "Iko kule. Anasafisha shimo."

Alikwangua tope mguuni. "Mimi alikuwa ananibebea maji," alisema. "Kule kwenye kuosha mchanga. Kila siku, ndoo mbili. Ananisimulia mito yote ya Congo, inatoka wapi, inaingia wapi. Aliniambia bibi yake alikufa."

Na hivyo, nikiwa nimekaa pale na tope hadi magotini, nilijua kwamba mimi, mke wake, nilikufa.

"Ulijua lini kama niko muzima?" nilimwuliza.

"Nikiwa na mimba. Alilia. Nikamuhurumia."

"Mimi alinichorea ramani," nilisema. "Tulipokuwa wanafunzi. Alichora ziwa zima kwa kichwa, na vijiji vyote vya pwani, na pale kwao akaweka nyota."

"Anaongea muzuri."

"Ndiyo. Anaongea muzuri."

Alisimama, akashika jembe.

Siku ya kumwaga bwawa la zamani, mama mkwe alikataa tusiguse maji kwanza mpaka yule jike aachie watoto wake kabisa. Tulingoja. Jumamosi iliyofuata tulikata mfereji, tukashusha maji, tukaingia na mabeseni, mimi na kijana, huku mama mkwe akikaa kwenye ndoo yake na kuchagua: kifua chekundu huku, kijivu kule. Wadogo hawakutambulika, aliwaweka popote mkono ulipofika.

Tulikuwa katikati ya kazi mume wangu alipotokea. Alisimama juu ya ukingo na mfuko begani, akatuangalia wanawake watatu na mtoto, wote rangi moja ya tope. Hakuna aliyemsalimia.

"Kama umefika," mama yake alisema, "vua viatu. Ingia."

Alivua, akaingia. Lazima niseme alifanya kazi vizuri. Hakuwa mvivu kamwe. Tuliinua mabeseni pamoja, mimi na yeye, mikono yetu ikagusana kwenye ukingo wa chuma, na nilikumbuka matone aliyonirushia usoni. Nilihisi huzuni, ya kawaida, isiyo na makali.

Tulipokwisha kunawa alizungumza, akimwelekea mama yake kana kwamba sisi hatupo. Alikuwa amefikiri. Atatafuta nyumba ndogo huku mtaani kwa huyu kijana, na hii ibaki yangu, naye atakuwa anakuja, huku siku hizi na kule siku zile, kila kitu kitakuwa na utaratibu.

"Unarudi Nizi lini?" mama yake alimkatiza.

"Jumatatu. Lakini Mama—"

"Basi. Utaratibu njo huo."

Mume wangu alinigeukia mimi. Nilikuwa nimekausha mikono, na kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote nilikuwa na neno tayari. "Ukija kuona mama na mtoto, mlango uko wazi," nilisema. "Kulala kwangu, apana. Sikasiriki. Nimemaliza tu."

"Na weye?" alimwuliza kijana.

Kijana alikuwa anamwosha mtoto miguu. Hakuinua kichwa. "Tulipokimbia, mimi nilikimbia na mutoto mugongoni," alisema. "Weye ulikimbia mikono mitupu. Nabaki kwa yaya."

Mume wangu alilala sebuleni usiku huo na akaondoka kabla ya Jumatatu. Sasa yuko mbali zaidi, upande wa Mambasa, ambako wanasema kumepatikana dhahabu mpya. Jumapili hupiga simu kwa mama yake. Mama mkwe huongea naye kwa kilugha chao, kwa upole, na akimaliza hushuka kukaa kwenye ndoo yake, na sisi tunamwacha. Ni mwanawe.

Binti yangu mkubwa alikuja likizo kutoka Kisangani, akawaka moto kwa ajili yangu. Aliniuliza ninawezaje kula meza moja na yule mwanamke. Nilimwambia kwamba hasira inahitaji nguvu, na kwamba anisaidie kwanza kumenya mihogo. Hakuridhika. Ana haki. Lakini kabla hajarudi nilimkuta anamsuka nywele yule mtoto, mdogo wake, uso ameukunja, vidole laini.

Mimi sikuwahi kumpenda kijana yule kama mdogo wangu. Nimemzoea. Anakaanga mandazi asubuhi pale kona, na jioni tunakaa kila mtu na kazi yake, yeye na unga, mimi na karatasi za wanafunzi. Nikiumwa, ananipikia uji. Akiumwa, nambeba mtoto mgongoni, mimi na umri wangu, na jirani wanatania kwamba nimezaa uzeeni.

Na kuhusu samaki: mvua kubwa za mwaka uliofuata zilibomoa ukingo kati ya mabwawa mawili. Tulishuka asubuhi tukakuta maji ni mamoja, na wa kifua chekundu na wa kijivu wanaogelea pamoja kama zamani. Kazi yote ile. Kijana alisimama na jembe begani.

"Tuchimbe tena, yaya?"

"Apana," nilisema. "Waache."

Kiangazi hiki wamejenga tena, kila ukoo kwa namna yake, mashimo mapana upande huu, vishimo vidogo chini ya majani ya viazi. Wanakua wachache, wadogo, lakini wanatosha mboga. Jumamosi iliyopita tulikula wa kukaanga na ugali. Mama mkwe alimchambulia mtoto miiba, mmoja mmoja, akimkemea atulie. Nilimaliza sahani yangu, nikanawa mikono, nikaenda kujilaza mchana, vyombo vikiwa bado mezani. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, sauti zao chini chini, kijiko kimeanguka. Nililala mpaka jua likageuka, na hakuna aliyeniamsha.